Tangi Juu ya Nyumba ya Mama Koku

Muleba, Alhamisi, Novemba 1975

Hesabu nimeirudia mara tatu na jibu ni lile lile. Maji yote ya tangi jipya la kijiji nimeyachukua kama uzito mmoja juu ya nguzo moja, kisha nikausukuma kando kwa mchapuko, ule mwongezeko wa kasi, wa tetemeko la kawaida la ardhi. Miguu ya mnara unaolibeba inapinda.

Asubuhi nilimpelekea mkuu wangu karatasi ya hesabu hiyo, ofisini Bukoba.

"Tangi zima umelifanya jiwe juu ya fimbo," alisema.

"Ndivyo tunavyorahisisha, mzee."

"Basi na jibu lako ni rahisi mno. Wageni wa serikali wanakuja kulizindua Jumamosi. Lijazwe."

Nilikunja karatasi, nikatoka. Ningebisha labda...

Jioni nilipita kijijini. Nyumba ya Mama Koku iko chini ya mnara kabisa. Nilimwomba ahamie kwa dada yake, kule Maruku.

"Nihame tena, waitu, ndugu yangu? Migomba yangu niliiacha kwa sababu serikali ilisema nije hapa."

Nilishindwa kumweleza kwamba safari hii si amri, ni hofu yangu tu. Aliingia ndani, akatoka na ndoo mpya, akaniuliza kama Jumamosi anaweza kuwa wa kwanza kuchota.

Nikamwambia anaweza.