Ufunguo wa Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa (shahidi hajatimiza miaka kumi na minane)
Umri: Miaka 16
Jinsia: Ke
Kazi: Mwanafunzi
Makazi: Anaishi na mama yake, mtaa mmoja na mtuhumiwa
Kuhusu: Wizi wa pampu ya maji na mipira ya kumwagilia, stoo ya chuo

Nimefika kituoni leo Jumatatu nikiwa na mama yangu. Afande wa kike aliyeko kaunta alitaka nimweleze yeye aandike, lakini sauti haikutoka. Akanisukumia kalamu na karatasi akasema, "Basi andika mwenyewe, hapa si mtihani." Ninaandika kwa hiari yangu.

Mtuhumiwa ni mjomba wangu, kaka wa mama. Kazi yake ni kukata nyasi za chuo. Anatumia trekta dogo la kukatia nyasi, lile ambalo mtu anakaa juu yake na visu viko chini ya tumbo. Limezaliwa kabla yangu. Mjomba analiita Shangazi kwa sababu, anasema, likiamka lazima kwanza lilalamike, halafu uwanja mzima unanyooka. Kuanzia hapa nikiandika Shangazi ninamaanisha trekta. Hakuna shangazi binadamu katika jambo hili. Naomba hilo lieleweke, maana nimesikia mnamtafuta.

Mnamo Jumatatu ya wiki iliyopita, nilipotoka shule, nilipita chuoni kumpelekea mjomba chupa ya chai. Nilimkuta nyuma ya stoo amelala chali kando ya Shangazi. Asubuhi visu vilikuwa vimegonga kichwa cha bomba kilichojificha kwenye majani, na Shangazi akazima hapohapo. Akiwashwa anakohoa, anapiga mlio mmoja mkubwa kwenye ekzosi, basi. Mjomba alikuwa amesafisha kabureta, amebadili plagi na amepuliza chujio la hewa. "Mafuta anayo, cheche anazo," aliniambia. "Amesusa tu."

Msimamizi wa majengo alikuja akasimama mbali kidogo na oili. Alisema mashine isipowaka hadi Ijumaa itauzwa chuma chakavu, na asimwone mtu akiifungua injini tena, maana kila ikifunguliwa kuna nati inabaki mfukoni mwa mtu. Mjomba alicheka. Msimamizi alipoishia kwenye kona, mjomba aliacha kucheka. Ameajiriwa kuendesha ile mashine. Ikiondoka, na yeye anaondoka.

Shuleni tunasoma kwa Kiingereza. Nyumbani ukijibu kwa Kiingereza unaulizwa umeshuka ndege saa ngapi. Kwa hiyo maneno ya shule huwa nayabadilisha njiani kabla sijafika. Siku hiyo nilitafuta kwenye simu kitabu cha maelekezo cha Shangazi. Bati la namba lililo chini ya kiti lilikuwa limefutika, nikaweka karatasi juu yake nikasugua na penseli mpaka namba zikajitokeza, isipokuwa ya mwisho ambayo ilikuwa tatu au nane. Ilikuwa nane.

Kitabu kilisema kisu kikigonga kitu kigumu na injini ikagoma ingawa cheche zipo, angalia kipande fulani chini ya flaiwili, yaani lile gurudumu zito lililo juu ya injini. Neno la Kiingereza la kipande hicho ni lile lile la ufunguo wa mlango. Sikujua mafundi wanakiitaje. Nikamwambia mjomba, "Wanasema tuangalie ufunguo."

Mjomba akaugusa ufunguo wa kuwashia uliokuwa ukining'inia. "Si huu hapa?"

"Mwingine. Uko ndani ya injini."

"Kumbe injini ina mlango. Miaka yote mimi napita dirishani."

Tulifungua. Chini ya flaiwili tulikuta kipande cha chuma chenye ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, kimekatika katikati. Kazi yake ni kulishika gurudumu lisihame mahali pake. Nilimsomea kwamba kimetengenezwa kwa makusudi kiwe laini, ili kisu kikigonga kitu, kikatike chenyewe na injini ipone. Mjomba alikigeuza kwenye kiganja, akasema, "Kumbe alijitoa huyu." Kisha akakitupa majanini. Tangu wakati huo sisi wawili tukawa tunakiita ufunguo, na baadaye fundi naye.

Jumanne tulizunguka maduka ya vipuri. La kwanza walituletea ufunguo wa kuwashia. La pili muuzaji alimtazama Shangazi kwenye picha akasema, "Mzee, huyu ni wa kupewa pensheni." La tatu walikuwa na cha mashine nyingine, kinene mno. Wote walisema kampuni iliacha kutengeneza vipuri hivyo.

Jumatano tulikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma ambaye watu wanamwita Milimita, kwa kuwa hata kiti hawezi kukalia bila kukipima. Ndiye aliyewahi kumpatia Shangazi mkanda wa mashine ya kusaga nafaka, na bado unafanya kazi. Milimita alipima pengo mara kadhaa, akasema atachonga kwa chuma cha pua, hakitakatika hadi wajukuu. Hapo nilijua anakosea. Nilimnong'oneza mjomba, mjomba akasema, "Anasema kiwe laini."

Milimita akasema, "Huyo mkalimani wako haumwi meno, aongee na mimi."

Nilitazama chini. Mjomba akarudia, "Laini, bwana. Kikiwa kigumu, siku akigonga tena itavunjika injini nzima." Milimita akakubali kutumia shaba.

Alhamisi mchana Milimita alituma ujumbe kwenye simu ya mjomba, ule mlioupata. Unasema hivi: "Ufunguo nimeshachonga, vipimo vimekubali. Fuata leo, msimamizi asijue. Ijumaa Shangazi anatoka." Mjomba akajibu, "Safi sana. Akitoka huyo, tumepona."

Nimeusoma tena ujumbe huo kama afande anavyoweza kuusoma, na naelewa. Lakini ufunguo ni kile kipande cha shaba. Msimamizi asijue, kwa sababu alikataza injini isifunguliwe. Shangazi anatoka, yaani anatoka kukata nyasi. Tumepona, yaani kazi ya mjomba.

Tulikifuata kipande hicho, tukakifunga jioni ileile, kukiwa bado na mwanga, mimi nikishikilia flaiwili kwa mkanda wa begi langu la shule. Shangazi alilalamika mara mbili, akawaka. Ijumaa alikata uwanja wote, na msimamizi alimwona kwa macho yake. Kazi ilipoisha msimamizi mwenyewe alifunga stoo. Ufunguo wa kufuli hilo anakaa nao yeye. Sijui stoo ilifunguliwaje usiku wa Ijumaa hiyo, na sitaki kumtaja mtu kwa kubahatisha.

Mnamo Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa mjomba, nikimsaidia mkewe kuosha vyombo. Maafande wawili waliingia, wakasema stoo imefunguliwa usiku bila kuvunjwa na pampu haipo. Mmoja alishika simu ya mjomba, akasoma, kisha akauliza, "Ufunguo uko wapi?"

Mjomba akajibu, "Ule wa kwanza ulikatika, nikautupa. Mpya anao Shangazi."

"Na huyo Shangazi anakaa wapi?"

"Si yupo stoo."

Maafande walitazamana. Wa pili akasema, "Mzee, unatufanya watoto." Mjomba akasema, "Hapana wanangu, ni ufunguo wa injini, uko chini ya flaiwili." Yule wa kwanza akasema yeye ana gari na ana pikipiki, na hajawahi kuona ufunguo unaokaa chini ya injini. Akauliza ulikochongwa. Mjomba akataja karakana ya Milimita. Wakapiga simu, haipatikani. Wakampigia jirani wa karakana, akawaambia fundi amesafiri kumuuguza mama yake. Afande akasema, "Wanaanza kukimbia."

Hapo mjomba alinigeukia. Alinitazama tu, kama anavyonitazama ninapokuwa na kitabu na yeye ana spana, akingoja nimwambie kinachofuata. Nilikuwa nimeshika sahani iliyokwisha kuwa safi. Nikaendelea kuisuuza. Walipokuwa wakimpeleka kwenye gari nilikuwa bado naisuuza.

Mjomba hakulibuni neno hilo. Nililileta mimi. Ningesema tangu mwanzo "kipande cha flaiwili" asingelala hapa siku mbili. Na hata baada ya kulileta, ningeweza kulieleza siku ile ile, mbele ya maafande, kwa sentensi moja. Jana jikoni nilimweleza mama yote. Mama aliniacha nimalize, akasema, "Mwanangu, mimi siwezi kumfungulia kaka yangu. Hayo maneno yapeleke yanakotakiwa."

Ombi langu ni moja. Twendeni stoo mkaangalie. Fungueni kifuniko cha juu cha injini, halafu nati ya katikati. Flaiwili ikigoma kutoka msiigonge kwa nyundo ya chuma, tumieni ya mbao, kwa sababu ikipata ufa haipatikani nyingine. Chini yake mtakuta kipande cha shaba, kipya. Kijaribuni kwenye kufuli la stoo. Mkishindwa kuifungua injini, mimi nitaifungua.

Niliyoyaandika ndiyo ninayoyajua, na sijamsaidia mjomba kwa neno ambalo si la kweli.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)
Sahihi ya mama wa shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA

Shahidi ameandika kwa mkono wake mwenyewe mbele yangu na mbele ya mzazi. Nilimsomea, akakubali kuwa ni sahihi.

Mchana tulikwenda stoo ya chuo pamoja na shahidi, mtuhumiwa na msimamizi wa majengo. Askari niliokuwa nao hawakuweza kuitoa flaiwili. Aliitoa shahidi. Chini yake kilikutwa kipande cha shaba kama kilivyoelezwa. Hakiingii kwenye kufuli la stoo wala kufuli lingine lolote lililokuwepo. Fundi ajulikanaye kama Milimita alipatikana kwa simu ya jirani wa mama yake, akaeleza vivyo hivyo, pamoja na vipimo. Msimamizi amekiri kuwa ufunguo wa stoo huwaazimisha watu zaidi ya mmoja, na upelelezi unaendelea upande huo.

Mtuhumiwa ameachiwa. Kipande cha shaba kimebaki kituoni kama kielelezo hadi shauri liishe. Mtuhumiwa alipoarifiwa hilo aliuliza, sasa Shangazi atawaka na nini. Nikamwambia sheria haina la kumsaidia hapo.

Shahidi akajibu, kwa sauti iliyosikika mpaka kaunta, "Tutachonga mwingine, mjomba."