Picha ya Saa 10:20 Alasiri

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Mzee Tovuti
Umri: miaka 54
Kazi: msoma mita za maji
Makazi: ghorofa ya kwanza, mkabala na duka la ushonaji

Nakuja mara ya pili, kwa hiari yangu, kusahihisha niliyosema juzi.

Nina tovuti yangu binafsi, nimeiandika mwenyewe mstari kwa mstari kwa miaka sita. Dirishani nimeweka kamera inayotuma picha ya mtaa kila baada ya dakika kumi, na tovuti huibandika saa. Kwa siku napata wageni tisa, nami nikiwemo.

Mnamo tarehe 14, kati ya saa 10 na saa 11 alasiri, cherehani mbili za Mama Mshonaji ziliibwa. Nilifungua picha ya saa 10:20. Ilimwonyesha Fundi Viatu, jirani yetu, ameinama kwenye kitasa cha duka. Sikutazama nyingine. Niliichapisha nikaja nayo hapa mbio, na kusema kweli nilijiona mtu wa maana. Hatimaye tovuti yangu ilikuwa na faida!

Fundi Viatu alikamatwa mbele yangu. Hakubisha. Aliniambia tu, "Mzee Tovuti, kama picha yako imesema, mimi nitasema nini?"

Leo asubuhi mke wangu, akipiga pasi, aliniuliza, "Hivi wewe, juzi umeme si ulikatika saa nne mpaka saa kumi na mbili jioni? Hiyo kamera yako ilikuwa inakula nini?"

Nilifungua picha za siku ile. Jamani! Kuanzia saa 4:00 hadi saa 11:50 zipo arobaini na nane, na zote ni Fundi Viatu ameinama vilevile. Picha ni moja, ya saa 3:50 asubuhi. Kila asubuhi humfungulia Mama Mshonaji komeo la chini, kwa kuwa mama yule mgongo unamsumbua. Mtaa mzima tunajua, hata mimi najua.

Kosa si la mashine. Mwaka jana shemeji yangu alinicheka kwamba umeme ukikatika tovuti inabaki na pengo jeupe. Nikaona aibu, nikaandika amri: picha mpya isipofika, rudia ya zamani, bandika saa mpya. Tovuti yenyewe iko kwenye kompyuta ya mbali, haizimiki umeme wetu ukizimika. Amri hiyo nimeifuta leo. Pengo libaki pengo.

Fundi Viatu amelala mahabusu siku mbili kwa sababu sikutaka kuchekwa. Inaniuma sana. Nimeyasema haya yote kwa akili timamu, na nimesomewa nikayakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimezikagua picha zote 48, ni moja. Mama Mshonaji amethibitisha habari ya komeo. Mtuhumiwa ameachiwa saa 9:40 alasiri. Shahidi aliambiwa aende nyumbani, akakataa, akakaa kwenye benchi la nje kumsubiri. Mtuhumiwa alipotoka alimpa mkono, akamwuliza, "Tovuti yetu inaendeleaje? Huko ndani sijaiona siku mbili."