Mashati Matatu ya Kitenge Kimoja

Kasulu, 8/4/2015

Dada Nasma, shikamoo.

Natumaini mmeamka wazima wewe na mama, na goti lake limepoa. Mimi mzima, mafua tu ya vumbi la huku. Nakuandikia maana kwenye simu unanijua, ukisema haloo tu maneno yote yananikimbia.

Dada, nimealikwa safari. Mimi! Badru wa hapa sokoni anaoa mwezi wa sita, sasa kabla hajaoa anataka kwenda kutembea Bujumbura na rafiki zake. Tunaenda Ijumaa tarehe 24 mwezi huu, Jumapili tunarudi. Ana baba mdogo wake anakaa huko mtaa wa Buyenzi, tutalala kwake. Tunaenda yeye, Ridhiwani fundi pikipiki, na mimi. Ridhiwani alimuuliza mbele yangu, "Huyu bubu wa nini? Si bora tubebe kiti, tutakikalia." Badru akamwambia, "Huyu ndiye atakayekumbuka tulichokiona. Wewe utakuwa umelala." Tangu nianze kubeba mizigo hapa sokoni, hakuna mtu aliyewahi kunialika hata chai.

Badru anataka tuvae sare. Nimemwambia dada yangu fundi. Kitenge nimekituma na gari la asubuhi, kile cha bluu chenye samaki wa njano. Utoe mashati matatu. La Badru liwe na mifuko miwili kifuani, anasema mmoja wa simu na mwingine wa maringo.

Naogopa kidogo, dada. Sijawahi kuvuka mpaka. Lakini nataka kwenda.

Mdogo wako,
Hilali


Kibondo, 15/4/2015

Mdogo wangu Hilali, marahaba.

Sisi wazima, goti la mama linapanda na kushuka kama bei ya maharage. Mashati yako tayari, dereva anayo. La kwako nimelirefusha mikono maana najua unapenda kujificha ndani ya nguo.

Sasa nisikilize. Hapa Kibondo wameanza kupita watu kutoka ng'ambo ya mpaka, magodoro kichwani. Mama mmoja alikaa kwenye kibaraza changu ananyonyesha. Nikamuuliza, mama, kwenu kuna nini? Akasema, "Bado." Basi, hilo tu. Hilali, mtu gani anakimbia na godoro kwa sababu ya bado?

Sikukatazi, umekua. Lakini Jumapili asubuhi muwe njiani. Na hizo sare mvae, mkipotezana kwenye watu utamuona mwenzako kwa mbali.

Dada yako,
Nasma


Bujumbura, 28/4/2015

Dada, shikamoo. Mama mpe shikamoo yake ila barua hii usimsomee.

Mimi mzima. Nimechubuka mkono tu. Simu zetu zimepotea, na namba yako ilikuwa humo, kichwani sina. Barua anakuletea Mama Zena, anauza vitenge kati ya huku na Kasulu. Ukijibu mpe yeye huyohuyo.

Ijumaa na Jumamosi zilikuwa nzuri. Tulikula ndagala, dagaa wa huku, wa moto ziwani. Tuliona kiboko, Ridhiwani akamkimbia na kiboko yuko mbali hata hana habari naye. Badru alicheka mpaka akakaa chini. Ila Jumamosi jioni niliona maduka yanafungwa mapema, na vijana wanavuta matairi pembeni ya barabara. Nilitaka kusema. Nikadhani labda huku ndivyo walivyo.

Jumapili tukavaa sare, tukapiga picha, tukatoka kwenda kupanda gari. Mbele tukakuta matairi yanawaka, njia imefungwa, vijana wana mawe na fimbo, wanapinga rais kugombea tena. Kirundi chao na Kiha chetu ni ndugu, kila neno nililisikia. Wakatuangalia, watu watatu nguo moja.

Mmoja akasema, "Hawa ni kikosi."

"Kikosi cha nani?"

"Waulize wenyewe. Nani kawapa sare?"

Badru si unamjua. Akacheka, akasema, "Katupa dada yake huyu."

"Dada yake ndiyo nani? Yuko na wakubwa?"

"Mkubwa ni yeye mwenyewe. Ukichelewa kuchukua nguo anakuuza na wewe."

Hawakucheka. Wakanigeukia mimi. "Wewe, dada yako ni nani?"

Dada, jibu ni fundi cherehani. Maneno mawili. Mdomo ulifunguka, halikutoka hata moja. Badru akaingia katikati akasema, "Muacheni, huyu hata kwao haongei." Hapo ndipo fimbo ya kwanza ilipompata.

Tulikimbia. Mimi nilijitupa kwenye mtaro, nikaona miguu inapita juu yangu. Ridhiwani alifika nyumbani kwa baba mdogo kabla yangu. Badru hajafika mpaka leo. Baba yake mdogo ametoka kumtafuta, wakamrudisha njiani. Risasi zinasikika, tunalala chini mbali na dirisha.

Usimwambie mama Badru kwanza. Au mwambie. Sijui.

Hilali


Kibondo, 4/5/2015

Hilali,

Sikuulizi hali, nimeisoma.

Ridhiwani amefika Kasulu kwa njia ya Manyovu, kifua wazi, shati alilitupa mtoni. Anasema gari lilipatikana ukakataa kupanda. Analia huyo mtu, usimchukie, mke wake anakaribia kujifungua. Lakini wewe ulibaki kufanya nini?

Mama Badru amekuja hapa kwangu mwenyewe. Nilijiandaa anitukane. Akauliza kama kitambaa kilibaki. Nikampa kipande, kimebaki kidogo tu, mkono mmoja na nusu. Akakikunja akakiweka kwenye kanga, akasema, "Fundi, umeshona vizuri," akaondoka. Bora angenitukana.

Mimi ndiye niliyesema mvae mkaonane kwa mbali. Haya, wamewaona.

Lichome hilo shati. Ukisoma hapa inuka ukalichome. Halafu panda gari lolote linaloelekea huku. Badru ana baba yake mdogo hapo, wewe huna mtu. Mama anauliza kila siku kwa nini Hilali haandiki, namwambia uko shamba Makere. Ananitazama tu.

Njoo nyumbani, mdogo wangu. Nakuomba.

Dada yako,
Nasma


Bujumbura, 10/5/2015

Dada, shikamoo. Goti la mama mpake mafuta ya moto, usimsahau kwa ajili yangu.

Shati sijalichoma. Usinune, nisikilize.

Baba mdogo wa Badru ni mgonjwa wa pumzi, moshi wa matairi umemlaza. Wa kutoka ni mimi. Na mimi picha ya Badru sina, na kumwelezea mtu kwa maneno unajua siwezi. Basi nalivaa shati ndani, juu sweta la zipu. Nikimwona mtu mwenye sura ya huruma nashusha zipu kidogo, nasema, "Umemuona mwenye hii?" Ni hayo tu, hayo nayaweza. Wengi wanakimbia. Mama mmoja alinifungia mlango karibu vidole vibaki ndani. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, funga sweta, unataka kufa?"

Jana kuna binti anauza ndagala, anaitwa Niyonsaba, aliangalia muda mrefu. Akasema, "Hao samaki nimewaona. Kwenye ua wa zahanati ya masista. Shati lina mifuko miwili."

Nikamuuliza, limevaliwa?

Akasema, "Limeanikwa."

Dada, limeanikwa! La maiti nani analianika?

Hiyo zahanati iko ng'ambo ya kizuizi kilekile. Nimezunguka kutafuta njia nyingine, hakuna. Nitaenda vijana wakitulia kidogo, labda kesho, labda keshokutwa. Nimejizoeza jibu. Dada yangu ni fundi cherehani, yuko Kibondo. Nalisema nikifua, nalisema nikiwa chooni. Usiku nikiamka nalisema kwanza kuhakikisha bado lipo.

Naogopa sana. Lakini yeye alisimama mbele yangu.

Mdogo wako,
Hilali


Kibondo, 15/5/2015

Hilali,

Redio imesema wanajeshi wanapigana wenyewe kwa wenyewe hapo mjini. Mama Zena amerudishwa mpakani, hii barua hana wa kumpa. Naandika hivyohivyo.

Mama amejua. Alisikia redio ya jirani, akaniambia, "Makere hakuna jeshi linalopigana." Hajala.

Gauni la watu liko kwenye cherehani tangu juzi, sindano imezama kwenye kitambaa, siwezi kukanyaga. Nikisikia gari nje natoka.

Kama hukwenda, usiende. Kama umekwenda, jibu lilitoka?

Nasma


Kagunga, 21/5/2015

Dada Nasma, shikamoo. Mama shikamoo, na msomee hii yote.

Niko Tanzania. Niko na Badru. Yuko hai.

Nilipita. Yule aliyeuliza mara ya kwanza ndiye aliyekuwepo kizuizini. Akaniambia fungua sweta. Nikafungua. Akasema, "Wewe tena." Nikasema dada yangu ni fundi cherehani, yuko Kibondo. Akauliza, "Anashona nini?" Nikasema mashati, na sare za shule, na magauni ya harusi, na kola hakuna wa kumshinda, na mama yetu anaumwa goti, na kitenge nilikinunua mimi sokoni Kasulu maana rafiki yangu anaoa. Sikuweza kunyamaza, dada, yaliyokaa miaka yote yalitoka siku hiyo. Akanishika kola, akaigeuza, akaangalia ulivyoshona ndani. Akasema, "Pita. Ukirudi na hiyo nguo sikujui." Sikurudi njia ile.

Badru taya limevunjika. Masista wamelifunga kwa kitambaa kuzunguka kichwa, uji anaunyonya kwa mrija, kusema hawezi. Badru! Aliponiona alitoa sauti kama ya mtoto. Tulikaa pale chini ya vitanda vita vilipoanza, halafu tukatoka na watu, gari mpaka lilipoishia, kisha kwa miguu kando ya ziwa.

Hapa Kagunga watu ni wengi, hakuna pa kuweka mguu. Wanaharisha, wanakufa, asubuhi unakuta aliyelala karibu yako hajaamka. Maji nachemsha kwenye kopo, Badru simpi ambayo sijachemsha mwenyewe. Usiku ana homa. Afisa alipomuuliza jina akawa anamtazama tu, machozi yanatoka. Nikasema, anaitwa Badru, ni wa Kasulu, sote ni Waha, niulize mimi, naongea kwa niaba yake. Akaniuliza mambo mengi. Nikajibu yote.

Meli inachukua wagonjwa kwanza, wamesema labda keshokutwa. Barua inatangulia na boti ya abiria. Mwambie mama Badru. Mwambie lile la taya taratibu, lakini la uhai anza nalo.

Sweta nilimpa mtoto mmoja anatetemeka, kwa hiyo sasa mimi na Badru tumevaa samaki wote wawili, hatuna nguo nyingine. Watu wakituona tumekaa pamoja wanahamisha mikeka yao. Wanahama tu, wanatutazama kwa mbali.

Dada, ukija kutupokea stendi ya Kasulu, njoo na mashati mawili. La Badru liwe la vifungo mpaka chini, kichwani halipiti. Kitambaa chochote ulicho nacho.

Ila yasifanane.

Mdogo wako,
Hilali