Njia ya Mahindi ya Giteranyi

Jumatatu, 7 Machi 2011, Gitega

Leo nimesema redioni! Kwamba mahindi yanayovuka kutoka Tanzania kwa baiskeli si magendo, ni chakula. Kwamba sisi tuliokulia kambini, ukimbizini Tanzania, tunapeana mali kwa kuaminiana, bei za vitabuni hazihusiki. Na nikataja Giteranyi, wanakovukia — mdomo wangu huu! Jina la mtu sikutaja.

Ignasi, mkuu wa idara yetu chuoni, kanikuta koridoni. Eti hizo ni hadithi, si uchumi. Tangu nirudi nchini wimbo wake ni huo. Uprofesa nisahau.

Jumatano, 9 Machi

Paskazia kapiga simu kutoka Giteranyi, analia. Mumewe Nazario amekamatwa na watu wenye sare, baiskeli na magunia vyote. Yuko Muyinga. Wanataka awaonyeshe njia ya kichakani, wawanase wenzake. Hasemi. Wamempiga.

Nazario ndiye aliyenipitisha njia hiyo wakati wa utafiti wangu, begi langu begani kwake.

Chaki imenidondoka darasani. Wanafunzi wamecheka.

Alhamisi, 10 Machi

Nikienda watanishika. Nisipoenda?

Ijumaa, 11 Machi, Muyinga

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi yao.

Nimemwambia afande: yale ya redioni nilitunga. Hakuna njia, hakuna utafiti, nilitaka sifa tu. Paskazia, pembeni yangu, kainamisha kichwa. Ameelewa.

Afande kanitazama weee. "Madamu, kama uko mwongo, chefu wako atatuambia." Akanidai namba, akampigia Ignasi, akaweka sauti kubwa tusikie wote.

Nikamshukuru Mungu. Nani wa kunikana kama si Ignasi?

"Adventina?" Sauti yake ilitetemeka. "Huyo hajadanganya hata siku moja! Nimesoma kazi yake yote. Alichoandika alikiona kwa macho yake. Mwachilieni, tafadhali."

Maneno niliyoyangoja miaka yote! Yamekuja leo. Hapa!

Afande akakata simu, akacheka kidogo. "Basi njia unaijua." Katoka kumtafuta dereva.

Paskazia amenishika mkono. Nyuma ya ukuta Nazario anakohoa — ni yeye, namjua. Kule kichakani wenzake leo wanavuka, hawana habari.

Pikapu imewashwa. Afande ananiita nikae mbele, karibu na dereva, niwaonyeshe njia. Nimesimama. Daftari hili nampa Paskazia —