Dada alivyoikata keki ya wifi ikiwa moto

Shosti, hili hutaliamini.

Mama si hali ngano, inamvuruga tumbo? Miaka yote dada ndiye anayemwokea keki ya unga wa oti. Leo wifi, mke wa kaka, naye kaoka yake. Dada roho ikamuuma.

Anajua keki ya oti ikikatwa moto inamomonyoka. Akadaka kisu, "Lete nikusaidie, wifi." Ikawa mchanga mtupu, naye anacheka kimoyomoyo.

Mama akachukua kijiko. Akala, akaongeza.

"Hii ndiyo keki ya mtu asiye na meno. Yako mwanangu naitafuna kwa kukuonea haya tu."

Kwa kumwonea haya tu, shosti.

Wifi akamwambia, "Asante kwa kunikatia." Dada kisu bado mkononi.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?