Kwa Mwalimu Bruno, na Nyekundu Isiyotoka kwa Mvua

Mvua za mwaka zimeshazunguka na kurudi, Baba Chadrack, tangu asubuhi ile ulipopanda pikipiki kwenda mjini Kasongo, ukarudishwa kabla ya jua kuzama ukiwa umefunikwa kitenge. Sisi jamaa yako tuliobaki hapa njia ya Wamaza tunazungumza nawe leo. Majirani wakisikia, wasikie. Jambo hili linawahusu na wao.

Hukuwa mtu wa makelele. Ulikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na chaki ilipokosekana, nayo ilikosekana mara nyingi, uliwapeleka watoto kwenye kichuguu kuchimba udongo mwekundu, mtoni kutafuta udongo mweupe, na jikoni kwa mama zao kuomba mkaa na manjano. Walisaga, wakatia maji, wakapaka. Humo humo mlifanya hesabu: vijiko viwili vya manjano kwa kimoja cha maji ya majani ya matembele, kijani gani hicho? Na tukitaka ya kutosha ukuta mzima? Watoto waliokwepa kujumlisha ubaoni walijumlisha bila kujua wanajumlisha. Vidole vyako havikuwahi kuwa na rangi uliyozaliwa nayo.

Aliyeumia ni mke wako Olga. Beseni lake la harusi lilikuwa la kwanza kugeuka chombo cha masomo. Kisha ukakata kitenge chake kizuri vipande vipande, ili darasa lione nusu na robo kwa macho. Alinuna siku nzima. Jioni ukamgawia bugali kwa robo, ukamhakikishia kwamba robo yake ndiyo kubwa kuliko robo zote, naye alijua wazi kwamba mwalimu anamwibia hesabu, akacheka hadi akaweka sahani chini. Kicheko kile tunakikosa hapa nyumbani.

Ukaja mwezi ule wa somo la miti. Uliwatuma watoto wapime michikichi na miembe ya kijiji kwa kamba, kisha waipake alama: nyekundu kwa mirefu, nyeupe kwa ya katikati, nyeusi kwa mifupi. Wakirudi darasani wahesabu kila rangi na kuichora. Somo zuri. Ulisahau jambo moja tu, Mwalimu, nalo kila mtu mzima hapa analijua: upande wa machimbo ya dhahabu, kwa akina mama yake Olga, wageni walipita wakipaka miti rangi nyekundu, na msimu uliofuata watu wakakuta mashamba yao yamezungushiwa kamba na mlinzi amesimama.

Basi jirani yetu Roger alifika mlangoni na panga mkononi, na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Mwalimu, ile nyekundu kwenye ngazi yangu iko ya nani?" aliuliza. Ngazi ni michikichi, na Roger ana michikichi mingi.

"Iko ya watoto wa masomo, Papa Roger. Ni udongo wa kichuguu na mayi, basi. Mvua ikinyesha, inatoka."

"Na kama haitoke?"

"Ikikosa kutoka, uje unikate mimi, uache muti."

Mvua ilinyesha kesho yake. Rangi ilitiririka ikaisha, na wewe ukageuza jambo hilo kuwa somo jingine: kipi maji yanakibeba, na kipi yanakiacha. Roger alikuletea kibuyu cha mawese kuomba radhi. Kijiji kizima kilikucheka, ukacheka nacho.

Wiki chache baadaye nyekundu ilirudi. Ilianzia kule chini karibu na mto, mti mmoja mmoja, mstari umenyooka. Hakuna aliyeshtuka. Watu walipita wakisema ni Mwalimu na watoto wake tena, wakaendelea na safari zao shambani. Wewe peke yako ndiye uliyesimama kuitazama, maana hukumtuma mtoto yeyote.

Olga anaikumbuka sana alasiri ile. Mvua ilipiga, na ilipokuwa bado inapiga wewe ukatoka bila kofia. Alikuita, hukugeuka. Uliporudi ulikuwa umelowa chapachapa, ukasimama kwenye kizingiti bila kuingia.

"Haitoke, Olga," ulisema.

Alikwenda kukutafutia nguo kavu.

Ulimwendea Roger. Alikusikiliza akiwa anamenya muhogo, akatabasamu. "Watoto wako wametia mawese ndani, ndiyo sababu. Weye mwenyewe ulituambia iko ya masomo. Sasa unatutisha na nini?" Ulikwenda kwa wengine, nao walijibu hivyo hivyo. Hofu yao yote walikuwa wameitumia kwenye udongo wa kichuguu, na haikubaki ya kukupa. Tunasema hivi bila kuuma maneno, Mwalimu, maana tulikuwepo, na baadhi yetu tulicheka pia.

Ndipo ukabandua gome la mti lenye ile nyekundu, ukalitia mfukoni, ukapanda pikipiki kwenda Kasongo kuuliza ni rangi ya nani. Kwenye mteremko kabla ya daraja la magogo barabara ilikuwa utelezi mtupu. Dereva alivunjika mguu. Wewe hukuamka. Gome lilirudi pamoja nawe, kavu, ndani ya koti.

Baada ya matanga Olga alilitia ndani ya lile beseni lake. Alitamani uonekane mwongo, Mwalimu. Aliomba usiku na mchana uwe umekosea. Alililoweka, akalisugua kwa sabuni, akalisugua kwa majivu yanayoondoa mawese kwenye nguo zote za hapa. Maji yalibaki meupe. Gome lilibaki jekundu.

Mwaka huu mstari umepanda kutoka mtoni. Umevuka mihogo ya parokia, umepita katikati ya michikichi ya Roger. Pikipiki za watu tusiowajua hupita asubuhi, nao hawasalimii. Roger hacheki tena. Alikuja kwa Olga, kofia mkononi, akauliza ulikuwa umepanga kusema nini kule Kasongo.

"Sijue," Olga alimjibu. "Alisema ataenda kuuliza tu. Ungeenda naye, ungejua."

Aliondoka bila kuaga. Olga alijuta neno lile, lakini halirudi kinywani.

Juzi tulikwenda kupalilia kaburi lako kwa ajili ya siku hii. Safi, kitinda mimba wako, alitangulia na jembe. Tulimkuta amesimama chini ya muavoka, ule mparachichi unaokupa kivuli, ameutazama tu. Nyekundu ilikuwa pale, upande wa kichwani kwako, juu kidogo ya kimo cha mtoto.

Olga hakulia. Alirudi nyumbani akaleta beseni, sabuni na majivu, na wote tukasugua mpaka gome likaanza kutoa utomvu. Kisha mvua ikaja, tukakimbilia ndani ya nyumba na kungoja. Olga alikuwa anasali, midomo inacheza. Ilipokatika, Safi alikwenda kutazama. Alikawia. Aliporudi alisimama kwenye kizingiti, mahali pale pale uliposimama wewe.

"Haitoke, mama," alisema.

Misa yako ni Jumapili, kisha tutakwenda kaburini pamoja. Wote uliowafundisha tunawaomba waje, na wazazi wao, na wale waliocheka. Waje mwaka huu, kaburi likiwa bado ndani ya shamba letu.

Wanaokulilia: mke wako Olga, watoto wako Chadrack, aliye Kasongo, na Safi, dada yako Cécilia na mumewe, walioko Lusangi, na jirani yako Roger, aliyeomba jina lake liwekwe hapa.

Tutakukumbuka siku zote, Mwalimu, hapa ulipolala, au huko tutakakopelekwa.