Vidole Vinne vya Bi Harusi

Ukunda, nyumbani kwa shangazi
Jumapili, baada ya alasiri

Kassim, mume wangu, tulizo la moyo wangu,

Assalaam aleikum. Nakusalimu, na kabla hujaniitikia nakusalimu tena, kwa kuwa salamu moja haitoshi. U hali gani? Umekula nini leo? Kile kidole ulichojikata ukifungua mashine ya boti kimepona, au bado unakifunga kwa kitambaa chenye mafuta? Na Mama, miguu haimsumbui? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, lakini uzima wenyewe ni nusu. Nusu ya pili niliiacha Vanga, chumba cha mkono wa kulia.

Nilipoandika "mume wangu" hapo juu nilisita nikaitazama. Nikaiandika tena pembeni, kwenye kipande cha gazeti, nipate kuiona tu. Shangazi akapita, akanikuta natabasamu peke yangu.

"We Mwanamisi, gazeti limekwambia nini?"

"Limeniambia nimeolewa."

Alicheka hata akatafuta pa kukaa.

Utauliza kwa nini barua, na simu ipo. Simu ya Vanga nimeshaijua. Neno moja linafika, mawili yanapotea, mara inashika mtandao wa ng'ambo ya mpaka na kutukaribisha nchi nyingine. Tena kila nikipiga, Mama yuko kando yako, na niliyo nayo mimi hayasemwi mbele ya mama mkwe. Barua hii utaisoma peke yako, utaikunja, utaiweka chini ya mto. Upande wangu wa mto, tafadhali.

Lakini kuna sehemu nataka umsomee Mama, nayo ni hii. Siku ile niliondoka mbio, sikueleza kitu, na najua maneno yamebaki nyuma yangu. Bi harusi kutoka ndani siku ya nne ya fungate! Nilimsikia mwenyewe akimwambia somo yangu, kungwi aliyenifunda, jikoni, "Hina bado mbichi, na huyo anapanda boda. Sisi tulikaa siku saba hata jua hatukulijua." Hakukosea. Fungate ni siku saba, na mimi nilizikata katikati kama mtu anayekata kanga isiyo yake.

Mwambie hivi. Mama yangu mzazi anashona makuti kule Gazi, na ni makuti hayo yaliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Kina mama wenzake wote huuza kwa Bi Zuhura, mwenye karakana hapa Diani, naye huyapeleka ng'ambo kwa wanaotaka paa za pwani. Wanunuzi wana makuti, lakini hawajui kuezeka. Basi kazi yangu ni kuwaelekeza kwa simu ya video. Wao wako juu ya paa nchi za baridi, mimi niko kwenye kiti cha plastiki, nawaambia kwa Kiingereza changu cha shule, "Vuta hapo, funga hapa, lile halijalala vizuri." Wananiita mshauri. Mwenzio nikisikia hivyo hugeuka nyuma kutazama anaitwa nani.

Sasa kuna Bwana mmoja, jina lake Pieter, amejenga mkahawa wenye paa letu. Mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakaingia mpaka kwenye sahani. Akampigia Bi Zuhura: makuti yenu ni mabovu, sinunui tena, na wenzangu nitawaambia wasinunue. Hiyo ndiyo simu iliyokuja siku ya nne. Ulinikuta nimekaa kitandani nimeishika. Ukanambia, "Nenda. Mama yako hashoni makuti mabovu. Kawaonyeshe." Kassim, wanaume wangapi wangesema hivyo hina ya mke ikiwa bado inanukia? Nilipanda boda nikilia, dereva akadhani nimefiwa.

Mpaka hapo umsomee Mama. Yanayofuata ni yako.

Siku mbili za mwanzo sikuona kosa. Bwana Pieter aliizungusha simu yake juu ya paa lote. Mteremko ni mzuri, fito ziko sawa, makuti ni mazuri, hata mshono wa mama yangu niliutambua. Ila paa lilikuwa jepesi, ndani naona vitundu vya mwanga kama chujio la nazi. Nikamuuliza, "Kutoka kuti hadi kuti umeacha nafasi gani?" Akajibu, "Vidole vinne, kama ulivyoniambia." Na kweli ndivyo nilivyomwambia. Vidole vinne ndivyo alivyonifundisha mama, naye ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Nikarudi kwa shangazi nimevunjika moyo. Nikajilaza nikiwaza yale ya kwetu, hayo ndiyo matibabu yangu siku hizi. Nikakumbuka asubuhi ya pili ya fungate, ulipotaka kuona maua ya hina yangu. Ulikiweka kiganja chako juu ya changu, hina yote ikapotea. Ukacheka ukasema, "Mkono gani huu? Vidole vyangu vitatu vinafunika vyako vinne." Nikakuambia upime tena. Ukapima tena. Tulipima, wewe unajua, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Niliruka kitandani kama nimeumwa na siafu! Asubuhi yake nikampigia Bwana Pieter. Nikamwambia, "Bwana, hebu nionyeshe mkono wako." Akashangaa, akauinua mbele ya kamera. La haula! Mkono kama kasia. Vidole vyake vinne ni vyangu sita. Kila safu ya makuti aliiweka mbali na mwenziwe, na mimi ndiye niliyempa kipimo cha mkono nisioujua. Kwetu hatukosei kwa sababu sote tumefundishwa kupima kwa mikono ya mama zetu.

"Kosa si la makuti," nikamwambia. "Ni langu. Ezua upande mmoja mmoja, uweke vidole vyako viwili na nusu."

Akauliza, "Umejuaje?"

Nikamjibu, "Mume wangu ana mikono mikubwa." Bi Zuhura, aliyekuwa nyuma yangu, alikohoa hata akamwaga chai.

Wameezeka upya, wamemaliza juzi. Lakini Bi Zuhura hataki niondoke mpaka paa linyeshewe. Kwa hiyo hapa nilipo, mke wa mtu, naomba dua kila sala mvua inyeshe katika nchi ambayo hata ramani yake sijaiona. Na mwezi wa Shaaban unakwisha. Somo alinipigia: nikifika kabla ya mwezi kuandama tutamalizia siku zetu tatu, ameshazungumza na Mama. Ukiandama, Ramadhani imeingia, na fungate yetu itabaki na siku nne daima, kama nyumba iliyoezekwa upande mmoja. Kila siku natazama hina inavyopauka, na kila siku natazama hali ya hewa ya kwa watu.

Jumatatu, saa nne asubuhi

Kassim! Imenyesha! Imenyesha kutwa nzima ya jana na hata tone moja halikuingia. Bwana Pieter amenionyesha sakafu, kavu kama kaukau za muhogo. Ameagiza makuti mengine ya banda la pili. Mama yangu nimempigia, amepiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Bi Zuhura akanambia, "Basi anza naye vipimo vya lile banda Alhamisi. Mume hakimbii."

"Hakimbii, Bi Zuhura, lakini mwezi unakimbia."

Akanitazama, akatazama mikono yangu. "Nenda, mwanangu," akasema. "Banda litangoja mpaka Idi ipite. Mimi fungate yangu niliimaliza, ndiyo maana nina ulimi wa kukuchelewesha."

Kesho nakabidhi kazi hapa karakana, nami nitafika Jumatano, inshallah. Mwezi unatafutwa Jumamosi jioni. Nimehesabu mara saba, siku zetu zimo zote tatu.

Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie mkwewe anarudi ndani na hatatoka hata paa la nani livuje. Msalimie somo yangu, mwambie hina nyingine ikae tayari. Wifi yangu mdogo mwambie ule ushanga alioniagiza nimeupata. Barua anaileta leo Bi Mwanahamisi, yule muuza kanga. Ameapa haifungui, nami nimejifanya namwamini.

Hapa chini nimechora mkono wangu kwa kalamu, umejaza karatasi yote iliyobaki. Weka wako juu yake, upime. Usiutoe mpaka Jumatano.

Mkeo, naandika tena, mkeo,
Mwanamisi